Pazia la Kitanda cha Nyuma

Koplo Noreen Vittrekwa alifika kambi ya Mto Rock saa tatu kasorobo asubuhi, na mshukiwa wa kwanza aliyeonyeshwa alikuwa mjomba wake.

"Yule pale," alisema mwanamume mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa, akinyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya kijito. "Ana bunduki. Turubai lake lina damu kila mahali. Jana nilimwona kwa macho yangu akiosha visu."

"Wewe nani?"

"Lyle. Tunasafiri pamoja na Orest na mkewe, magari mawili, kutoka Saskatchewan. Leo siku ya kumi na tisa barabarani." Akashusha sauti. "Simaanishi kitu, afande. Nasema tu nilichokiona."

Wasiomaanisha kitu huwa wana maneno mengi. Noreen aliandika jina lake kwenye daftari, akatazama kambi. Magari-nyumba saba yalikuwa yamepangwa kati ya misonobari, makubwa kwa madogo, na wenyewe wamesimama nje na makoti yaliyolowa hadi magotini. Walikuwa wamezunguka msituni tangu jana jioni. Wengi walikuwa wastaafu, na mmoja, mwalimu wa zamani, alikuwa ameteguka goti na kukalishwa juu ya kreti.

Taarifa ilikuwa fupi. Jana Jumanne, mnamo saa kumi na moja jioni, Mama Verna Hrycak, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alimuaga mumewe kwamba anakwenda kuchuma matunda ya porini, na hakurudi. Kwa kawaida kesi hii ingekuwa ya polisi wa Dawson. Lakini mvua ilikuwa imeikata barabara upande wa kusini tangu Jumanne saa sita mchana, mageti yakafungwa pande zote mbili za sehemu hiyo, hivyo Noreen akaombwa ashuke kutoka Fort McPherson aianze. Helikopta iliyotoka Inuvik ilikuwa tayari inazunguka juu ya misonobari. Usiku wa kuamkia leo maji ya ndoo yaliganda kama kioo, na kila aliyekuwa pale alijua maana yake kwa mtu aliye nje bila moto. Mama akipatikana leo mchana, huenda akaishi. Usiku wa pili usingemwacha.

Noreen akavuka kijito, na watu kama kumi wakamfuata nyuma kutazama.

Mjomba Wilfred alikuwa ameketi juu ya gogo akikata nyama vipande virefu vya kukausha. Hakuinuka.

"Karibu, mpwa wangu. Umekuja kunifunga, au umekuja kula?"

"Mjomba, lazima nikuulize mbele yao."

"Uliza. Mto huu huu nilikuvusha mgongoni, unalia kwamba maji ni baridi. Leo unanihesabia risasi."

Noreen aliona haya. Lakini aliuliza, kwa sababu asingeuliza, wale waliokuwa nyuma yake wangesema polisi anamlinda nduguye. Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi? Ulipiga risasi ngapi? Damu hii ya nini? Mzee akajibu moja baada ya jingine kwa sauti ile ile, kisha akafunua turubai. Ndani mlikuwa na ngozi mbili za kulungu wa kaskazini, vichwa viwili, na mafuta yaliyofungwa vizuri kwa ajili ya vikongwe wa kijijini. Baadhi ya watazamaji wakaanza kuangalia viatu vyao. Lyle alijifanya anafunga kamba za buti.

"Sasa umemaliza ya kwao," Wilfred alisema. "Uliza ya maana."

"Yapi?"

"Uliza kama nilimwona huyo mama."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Ndilo jambo lenyewe." Akafuta kisu kwenye suruali. "Mvua ilikatika saa kumi. Gari la huyo mzee liliingia baadaye kidogo, udongo ukiwa kama uji, kila kitu kinaandika. Mimi nilikuwa nateka maji. Alishuka yeye, akasimama, akapanda tena. Baadaye nilipita pale mlangoni nikitafuta kuni, nikaona nyayo. Za mtu mmoja. Buti kubwa, kisigino cha kushoto kimelika. Baada ya hapo ndipo jeshi hili lote lilipokuja kukanyaga."

"Una hakika?"

"Mpwa wangu, mimi naishi kwa kusoma udongo. Mama huyo hajaukanyaga huu."

Noreen akarudi ng'ambo. Saa nzima ilikuwa imekwenda kwa kumhoji mtu asiye na kosa, na hilo lilimuuma zaidi ya macho ya wale watu.

Gari la Orest lilikuwa la mwisho kwenye mstari, jeupe, limepakwa vumbi na tope hadi madirishani. Mwenyewe alikuwa ndani, mbele ya kahawa iliyopoa. Alikuwa mkulima wa ngano maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa mikubwa mno kwa meza ile ndogo.

"Mzee, nieleze tena jana jioni."

"Tulifika. Akachukua ndoo, akasema anakwenda kuchuma. Basi."

"Alivaa koti gani?"

"La kawaida."

"Hili?"

Koti la kike la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Chini yake kulikuwa na mabuti ya mpira, madogo, makavu, safi hata kwenye nyayo. Na juu ya mabuti kulikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki, imefungwa kengele ya kufukuzia dubu, na ubavuni imeandikwa kwa wino mzito: VERNA.

"Labda alichukua ndoo nyingine," Orest alisema.

"Na viatu?"

"Ana ndara. Za manyoya. Za ndani."

"Alikwenda kuchuma matunda kwenye kinamasi kwa ndara za manyoya?"

Mzee akazungusha kikombe. Noreen hakumsukuma. Alipita katikati ya gari taratibu, akatazama kila kitu bila kugusa. Nyuma kabisa kulikuwa na kitanda, na mbele ya kitanda pazia zito la kahawia lililofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Akalivuta. Kitandani palikuwa na mablanketi yaliyorundikwa na mto wa kulalia uliolazwa kwa urefu. Ukiwa mbele kwenye usukani ukatupa jicho kwenye kioo, pazia likiwa limeachia kidogo, ungeapa kuna mtu amelala.

Kando ya kitanda kulikuwa na mlango wa choo. Ulikuwa umepigwa utepe wa gundi mara mbili, mkingamo, na karatasi imebandikwa katikati yake: USITUMIE. Juu ya sinki taa ndogo nyekundu ya tangi la maji machafu ilikuwa inawaka, na harufu haikuhitaji taa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya gari-nyumba aijuaye mwenye kumwaga tangi.

"Limejaa tangu lini?"

Orest akawa mwekundu hadi shingoni. "Jumatatu."

"Kwa nini hamkumwaga Dawson? Wote humwaga Dawson kabla ya kuingia barabara hii."

"Kulikuwa na foleni. Magari sita. Nikasema mimi sikai foleni ya mavi."

"Na Mama Verna alisemaje?"

"Alisema... alisema mengi."

"Halafu?"

"Halafu akaacha kusema. Akahamia nyuma, akafunga pazia."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Jioni."

"Tangu Jumatatu jioni hamjasemezana hata neno moja?"

"Hata moja."

Noreen akaketi mbele yake, akafungua daftari ukurasa wa kwanza. "Hapa umesema jana saa kumi na moja alikuaga. Alisema, 'Ninakwenda kuchuma matunda.' Ndiyo neno lake la kwanza tangu Jumatatu?"

Orest akasukuma kikombe kando. Noreen akatoka nje na simu ya setilaiti. Lilikuwepo jibu moja baya kuliko yote, na polisi yeyote angelifikiria: wagombanao wawili, gari moja, na barabara ndefu isiyo na mtu. Alilifikiria. Alitazama hata ile mikono mikubwa. Ndipo akampigia Glenda, mlinzi wa geti la Eagle Plains, kilomita sabini na nane nyuma.

"Gari jeupe, mzee mkubwa? Nilimwona," Glenda alisema. "Nani atamsahau. Nilikuwa nimefunga geti tangu saa sita, hakuna anayeingia kwenda kusini, nangoja tu waliokuwa tayari ndani watoke. Yeye ndiye wa mwisho. Saa tisa hivi. Baada yake nikapiga kufuli."

"Alifanya nini hapo?"

"Aliweka mafuta. Akachukua kahawa moja. Akasogea hadi kwenye shimo la kumwagia matangi, akazima injini, akakaa."

"Alimwaga?"

"Wapi! Alikaa nusu saa nzima kwenye usukani, ametazama nyuma. Nikadhani presha imempanda, nikamgongea dirisha. Akasema yuko sawa. Halafu akawasha gari akaondoka na mavi yake."

"Na mama?"

"Mama gani?" Glenda aliuliza.

Noreen aliporudi ndani hakuketi. Alisimama mlangoni, karibu na yale mabuti makavu.

"Mzee Orest, ulikuwa unangoja nini pale shimoni?"

Mzee alikaza macho kwenye kahawa. Akashika kidevu kwa mkono kama mtu mwenye jino bovu.

"Nilikuwa nangoja aniombe," alisema.

"Aombe nini?"

"Nimwage tangi. Nilisema, akitaka choo chake, atatoka nyuma ya pazia na kuniomba. Neno moja tu lingetosha. Nikangoja. Hakutoka. Nikasema moyoni, ah, kichwa chake kigumu kuliko changu, basi twende." Akatazama nyuma, kitandani. "Kumbe nilikuwa nashindana na mto wa kulalia."

"Kabla ya hapo ulisimama wapi?"

"Mgongo wa Ogilvie. Pale pa kutazamia mabonde. Kulikuwa na mlio kwenye tairi."

"Saa ngapi?"

"Saa saba. Nilizunguka nikapiga matairi teke upande wangu wa usukani; mlango uko upande wa pili. Upepo ulikuwa unavuma hadi unaziba masikio. Dakika tano. Nikarudi ndani, nikaona pazia limefungwa."

"Na choo chenu kimepigwa utepe."

"Kimepigwa utepe," Orest alirudia. "Mimi ndiye niliyekipiga. Atajisaidia wapi kama si nje?"

"Hukumwita kabla ya kuondoka?"

"Nani aanze kuita?" Alisema hivyo, akasikia mwenyewe alichosema, akaficha uso. "Nilikula mkate pale pale kwenye usukani, afande. Mkate aliouandaa yeye asubuhi. Nikala na wa kwake. Nikasema njaa itamleta."

Kilomita mia moja themanini na nane kutoka pale hadi hapa, Noreen alipiga hesabu. Saa ishirini na moja. Barabara iliyofungwa kufuli kusini na kaskazini, haina hata lori moja la kumwokota. Na helikopta ilikuwa inazunguka hapa.

"Ulijua lini?"

"Hapa. Nilipozima gari. Nikashuka, nikawaza, nikapanda tena nikavuta pazia. Sijamaliza hata kupumua, Lyle, aliyetutangulia na gari lake, akagonga dirisha, 'Verna yuko wapi? Mke wangu kampikia keki.' Nikasema anachuma matunda. Nilitaka tu aondoke nigeuze gari! Lyle akaenda kumtafuta ampe keki yake. Akarudi akasema hamwoni. Kabla sijafungua mdomo wameshatoka watu kumi wanaita jina lake msituni."

"Hapo ungesema."

"Ningesemaje? Miaka arobaini na minane. Niwaambie nimemsahau mke wangu njiani kama mwavuli? Nikajaribu kuondoka, wakanikataza. Wakasema kaa, akirudi akukute. Wakaniletea supu."

"Usiku kucha, mzee."

"Kila saa ilipopita, ikawa vigumu zaidi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo kilikuwa cha mtu mwingine. Noreen hakumkaripia. Hakuwa na muda. Alikuwa tayari nje, akimpigia rubani Tanguay, akimpa namba ya kilomita na kumwambia afuate barabara, si msitu. Tanguay alitoa tusi moja la Kifaransa. Dakika chache baadaye mngurumo ukapita juu yao kuelekea kusini, na kambi nzima ikainua vichwa.

"Mbona anaondoka?" Lyle alipiga kelele. "Afande! Mbona anatuacha?"

Noreen akamgeukia Orest, ambaye alikuwa ameshuka hadi ngazi ya mwisho. "Wamekutafutia mkeo usiku kucha. Waambie."

"Siwezi."

"Kuna sheria inayokataza kudanganya polisi, tutaizungumza baadaye. Hili si la sheria."

Wakakusanyika. Mzee akasimama mbele yao akaeleza, kwa sauti ya chini hadi mwalimu mwenye goti bovu akamwomba arudie. Akarudia. Alitaja yote: foleni, utepe, mikate miwili, nusu saa ya shimoni. Hakuna aliyemtukana. Pengine kama wangemtukana, angepata pa kujishikiza. Mke wa Lyle aliweka mkono mdomoni. Mtu mmoja akaanza kukunja ramani ya msitu, taratibu, kwenye mikunjo yake ile ile. Mwingine akamletea kahawa, akaiweka kwenye ngazi kando yake bila kumtazama usoni, akaenda zake.

Lyle alivua kofia. Akavuka kijito nayo mkononi, bila kuvua viatu, hadi kwenye gogo la Wilfred. Noreen hakusikia walichozungumza. Aliona tu mjomba wake akimsogezea kisu kwa mpini, na Lyle akiketi kukata nyama, vibaya sana.

Saa nne ikapita, ikaja na nusu. Noreen alijaza fomu juu ya boneti ya gari lake. Aliandika saa ya kuondoka Ogilvie, saa ya Eagle Plains, maelezo ya Glenda, maelezo ya nyayo. Alipofika kwa jina la Wilfred alisita, akaandika: *shahidi*. Aliona haya kwamba saa mbili zilizopita neno lingekuwa jingine. Orest alikuwa bado kwenye ngazi, kahawa ya pili imepoa kando ya miguu yake, macho yameganda kwenye simu ya koplo.

Saa tano na robo simu ikalia.

"Koplo?" Sauti ya Tanguay ilikatikakatika kwa upepo. "Tumempata. Yuko hai."

Noreen akainua kidole gumba juu, na kambi ikalipuka. Watu waliokuwa kimya saa nzima wakakumbatiana, mwalimu akasimama kwa mguu mmoja akapiga makofi. Orest aliteleza kutoka kwenye ngazi akaketi chini kwenye tope.

"Hali yake?"

"Kilomita ishirini na mbili kaskazini ya pale ulipotuelekeza. Ametembea kote huko! Ana ndara moja, mguu wa pili kaufunga sweta. Vidole vya miguu sivipendi, lakini anaongea. Anaongea sana. Shida ni kwamba hataki kupanda."

"Hataki kwa nini?"

"Anasema nijibu swali lake kwanza."

"Swali gani?"

Tanguay akakohoa. "Anauliza kama mmempata mumewe. Anasema alitembea usiku kucha akichungulia kila korongo na kila daraja, akilitafuta gari. Anadhani lilipinduka. Nimemwuliza kwa nini anadhani hivyo, akaniambia Orest asingemwacha namna hii akiwa mzima. Anataka kujua kama aliteseka au alikufa mara moja." Upepo ukapita kwenye simu. "Koplo, nimwambie nini?"

Kambi ilikuwa imetulia tena. Noreen alimtazama mzee pale chini, akainama, akamwekea simu kwenye kiganja.

"Mwambie mwenyewe."

Orest akaishika kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na mkwaruzo, mngurumo, kisha sauti ya mwanamke iliyokauka kwa kuita, na kila mtu aliyekuwa karibu aliisikia.

"Orest? Ni wewe? Mungu wangu. Umeumia wapi, baba? Niambie ukweli, umeumia sana?"

Mzee aliwatazama wale watu wote waliolowa magotini, na hakuna aliyemsaidia.

"Hapana, Verna," akasema. "Sikuumia. Sina hata mchubuko."